Msiba wa Kuigiza kwa Mzee Zablon

Muhula wa pili wa mwaka wa 1996, Liz, binti wa Mokeira, alirudi kutoka shuleni na fomu ya kurasa mbili. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, hayo yote aliyajaza mwenyewe kwa kalamu ya bluu, ameegemea kabati la vyombo. Alipofika penye neno "Kabila" akainua kichwa.

"Baba, mimi kabila gani?"

Fanuel, baba yake, alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache kwa sababu mengi aliyamaliza ubaoni. "Andika Mjaluo," alisema, bila kuondoa macho kwenye sahani ya omena, wale dagaa wa ziwani.

"Na mimi niliyemzaa nilikuwa wapi siku hiyo?" Mokeira akauliza. "Nilikuwa nimekwenda sokoni?"

Mokeira alikuwa Mkisii, mtoto wa mzee Bichage, aliyeletwa Migori angali mchanga mgongoni mwa mama yake, wazazi wake walipokuja kuuza ndizi wakasahau kurudi. Mumewe alizaliwa Magunga, kule chini karibu na ziwa.

"Mtoto hufuata baba," Fanuel akajibu.

"Baba naye amefuata nini? Shangazi yako, Waya Risper, anasema nyinyi ni Wasuba."

Fanuel akaweka mkono wake juu ya meza polepole, kama mtu anayefunika kitu. "Hilo neno usije ukalitaja mbele ya baba yangu."

Liz, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, aliandika yote matatu, moja chini ya jingine. Kesho yake mwalimu wa darasa aliyafuta kwa raba, akaandika neno moja kwa wino mwekundu. Liz alirudi nyumbani analia kwikwi.

"Mama, mimi ni Mengineyo."

Basi hapo ndipo lilipoanza jambo lililokuja kumfanya Mokeira ajulikane kutoka Migori hadi Mbita. Kwa kazi yake alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Migori aliyewahi kuyaona, na kiti cha kifalme kilichoundwa kwa mbao za kreti za soda. Wachimba dhahabu wa Macalder walikuja kukaa katika kiti hicho wameshika simu ya mezani isiyo na waya, wakapigwa picha za kupeleka kwao. Tena alikuwa na kamera ya video, ile kubwa ya kubebwa begani, inayomeza kaseti nzima. Aliachiwa na padri mmoja Mholanzi wa misheni alipokuwa akirudi kwao kuzeeka. Dirisha dogo la kuchungulia la kamera hiyo lilionyesha kila kitu kwa rangi nyeusi na nyeupe, na Mokeira alizoea kusema kwamba akiitazama harusi humo ndani, humwona bwana harusi kama alivyo hasa.

Wiki mbili baada ya kilio cha Liz, aliona tangazo limebandikwa ukutani posta: semina ya siku tatu, Homa Bay, kwa wote wenye hadithi ya kutengenezea filamu kuhusu familia, asili na jamii. Akafunga studio, akaenda.

Mwalimu wa semina alikuwa kijana wa Nairobi aliyeitwa Levis, amevaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, na Mokeira, aliyekaa mbele, aliihesabu yote akaona ni mitupu. Levis aliwafundisha kwamba filamu kabla haijawa filamu huitwa mradi unaoandaliwa, na kwamba mradi unaweza kuandaliwa hata miaka kumi bila mtu kuona aibu. Jambo hili lilimfurahisha sana Mokeira. Katika maisha yake hakuna kitu kingine, si ugali, si mtoto, ambacho watu wangekubali kiandaliwe miaka kumi.

"Dada Mokeira," Levis akamwuliza siku ya pili, "katika hadithi yako ya familia, mgogoro uko wapi?"

"Wa siku gani?"

Washiriki wakacheka, lakini yeye hakuwa akitania. Akamweleza. Baba mkwe wake, Mzee Zablon, alikuwa karani wa pamba aliyestaafu, mzee wa kanisa la Sabato, mwenye kupiga pasi suruali hata ya kwenda shambani. Mwaka wa 1989, siku ya kuhesabiwa watu, karani wa sensa alipofika Magunga, Zablon aliandikisha mji wake wote kuwa Wajaluo, na kumbe dada yake mkubwa, Risper, aliyeolewa kisiwani Rusinga, alikuwa amekuja kutembea na amekaa pale pale akichambua maharagwe. Risper akasimama, akamwaga maharagwe chini, akasema, "Basi mimi dada yako ni nani, kama wewe ni Mjaluo na mama yetu alikuwa Msuba mpaka kwenye kucha?" Akaondoka. Tangu siku hiyo, miaka saba, hawakuwa wamesalimiana.

Levis alikuwa amefungua mdomo. "Hiyo," akasema, "niletee hiyo. Dakika kumi na tano za mfano, kabla Agosti haijaisha. Nitazipeleka kwa wafadhili mimi mwenyewe."

Mokeira akarudi Migori na hadithi kichwani. Filamu ingeanza na msiba: mzee amefariki, wanawe wanagombana azikwe kwa nyimbo za lugha gani. Aliona kabisa kwamba penye maiti hakuna mtu atakayeuliza mgogoro uko wapi.

Shule zilipofungwa, Mokeira, Fanuel na Liz wakateremka Magunga. Mokeira akapiga goti mbele ya baba mkwe wake, mbali kidogo kama mkwe anavyopaswa, akamweleza kwamba anatengeneza filamu ya heshima ya ukoo, na kwamba pangekuwa na mazishi ya kuigiza uani. Kuhusu lugha hakumwambia kitu. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, akamwuliza kama yeye mwenyewe asingependa kuwa marehemu.

Zablon akavua miwani, akaifuta. "Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "siku yangu ikifika nitakuwepo mimi mwenyewe. Siwezi kuhudhuria mara mbili."

"Hapana, Baba. Nimekosea."

"Lakini uani pigeni picha. Mfagie kwanza."

Mokeira akazunguka kijiji kizima kutafuta marehemu. Wazee walimwambia wana kikohozi. Vijana walimwambia mama zao watawalaani. Mlevi mmoja alikubali, kisha alipolevuka akakataa. Hatimaye Mokeira akapiga simu Migori kutoka posta, kwa duka lililokuwa karibu na studio yake, akaomba aitiwe Nchagwa.

Nchagwa alikuwa fundi wa baiskeli, Mkuria wa kule mpakani, mrefu kama mlingoti, mwenye ucheshi ambao hakuuonyesha usoni hata mara moja.

"Kufa?" aliuliza kwenye simu. "Kwa saa ngapi?"

"Nusu saa hivi. Unalala tu ndani ya sanduku. Huogopi?"

"Mama Liz, mimi Mkuria. Mizimu ya Wasuba hainijui. Itanitafuta kwa jina gani?"

Akafika kesho yake amevaa suti ya harusi ya kaka yake Maroa, ambayo mikono yake ilimwishia karibu na kiwiko.

Jeneza walilipata Sindo, kwa seremala aliyekubali kuwaazima kwa sharti kwamba ubao wa duka lake uonekane kwenye filamu. Jumatatu saa sita mchana Fanuel na Nchagwa wakalipakia kwenye pikapu, wakapita nalo katikati ya mji, mbele ya wachuuzi wa samaki wote, wakielekea Magunga. Mtu mmoja akauliza, "Linakwenda kwa nani hilo?" Fanuel, mtu wa maneno machache, akajibu, "Kwa Mzee Zablon." Pikapu ikaondoka. Maneno mawili zaidi yangetosha kuzuia yote yaliyofuata, lakini hakuyasema.

Kule Magunga, saa hiyo hiyo, Mokeira alikuwa akimfundisha mama mkwe wake kulia. Mama Priscilla, mke wa Zablon, ndiye angekuwa mjane. Alikuwa Mjaluo wa Karachuonyo, mwanamke mnene, mtulivu.

"Siwezi kulia bila sababu," alilalamika. "Machozi si bomba la maji."

"Mama, fikiria jambo lolote la huzuni."

Priscilla akafikiri. Hakuna aliyejua alifikiri nini katika ndoa yake ya miaka arobaini na mitatu, lakini ghafla akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga nduru iliyowafanya kuku waruke ua. "Uwi! Uwi! Zablon ameniacha!" Zablon mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya nyumba akinyoa, alijikata kidevu. Akaja mbio na povu shavuni kuuliza amemwacha nani.

"Vizuri sana, Mama," Mokeira akasema. "Kesho ufanye hivyo hivyo."

Nduru ile iliwafikia majirani wa ng'ambo ya kijito. Jioni zikawafikia na habari za jeneza. Wakajumlisha.

Jumanne asubuhi Mokeira aliamka na furaha. Betri ya kamera, ambayo ilidumu dakika arobaini, aliichaji kwenye injini ya kinu cha posho. Ua ulikuwa umefagiwa. Jeneza likawekwa juu ya stuli nne chini ya turubai, kifuniko wazi, na Nchagwa akalala ndani, pamba mbili puani, miguu imekunjwa magoti kwa sababu hakuenea. Zablon akaingia nyumbani kwake, akafunga pazia, akisema kwamba mzee wa kanisa hawezi kuonekana kwenye msiba wa uongo. Lakini kiti chake alikisogeza karibu na dirisha.

Saa nne kasoro Mokeira aliweka kamera begani, akabonyeza kitufe. Priscilla akajiandaa kulia. Na kabla hajaanza, kilio kilisikika kutoka barabarani.

Mokeira alifikiri ni majirani wamekuja kusaidia kuigiza, akamshukuru Mungu. Akageuza kamera kuelekea lango. Katika kile kidirisha cheusi na cheupe akawaona watu thelathini, arobaini, wanawake wamefunga leso kiunoni, wanaume wamevunja matawi, fahali wawili wa majirani mbele wanapigwa mbio, kama ilivyo desturi ya kukifukuza kifo, na vumbi linatimka. Mbele kabisa alikuja bibi kizee mwembamba, ameshika mkongojo ambao hakuutegemea hata kidogo.

"Wanaigiza vizuri hawa," Mokeira akanong'ona.

"Si kuigiza," Fanuel akasema nyuma yake, na sauti yake ilikuwa kavu. "Yule ni Waya Risper."

Habari zilikuwa zimetoka Sindo na wachuuzi, zikafika Mbita jioni ile ile, zikavuka hadi Rusinga. Risper, aliyeapa hatakanyaga tena mji wa ndugu yake, alikuwa amekesha akilia, na kulipopambazuka akapanda gari na nusu ya kijiji.

Tuseme ukweli, hapo Mokeira angepaswa kuweka kamera chini. Baadaye Fanuel alimwambia hivyo mara nyingi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alitaka kufanya hivyo, lakini bega halikukubali. Fanuel alikimbia mbele mikono juu, akijaribu kueleza, na waombolezaji wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine wakidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. "Hajafa! Hajafa!" akawa anapiga kelele. "Ndiyo, mwanangu," mzee mmoja akamjibu akilia, "watu kama yeye hawafi."

Risper hakwenda moja kwa moja kwenye jeneza. Alisimama mbele ya nyumba, hatua tano kutoka dirishani, akiupa mgongo umati, akaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa Kijaluo. Ulikuwa wa lugha ambayo Mokeira hakuelewa neno hata moja, na wengi pale uani hawakuelewa pia, kwa maana walinyamaza kama wanafunzi. Risper aliimba mstari, akangoja. Katika nyimbo za aina hiyo lazima mtu aitikie. Hakuna aliyeitikia. Akaimba mstari tena, akangoja tena, na safari hii sauti yake ilikatika katikati.

Ndipo kutoka nyuma ya pazia sauti nene ya mwanamume ikaitikia. Mstari mzima, kwa lugha ile ile, bila kukosea.

Mokeira aliisikia kupitia kipaza sauti cha kamera kabla hajaisikia kwa sikio lake. Risper akaganda. Mkongojo ulimtoka.

Na kama Nchagwa angetulia, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini vumbi la fahali lilikuwa limejaa turubai, na mama mmoja mnene wa Rusinga, aliyechagua sekunde hiyo hiyo, alijirusha juu ya jeneza akilia, "Zablon wetu, mbona umekuwa mrefu hivi!" Leso yake ikampitia Nchagwa usoni. Pamba zikafyatuka. Nchagwa akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ya mtu mrefu, iliyoanzia mbali. Kisha akaketi ndani ya jeneza, akawatazama watu kwa uso ule ule usiocheka, akasema, "Samahani."

Ilikuwa mguu niponye. Watu walipita kwenye ua wa miti ya minyaa kana kwamba si ua. Mchungaji aliyekuja kuombea msiba alikuwa wa kwanza, na walioona wanasema hakushika njia, alishika shamba la mtama. Fahali mmoja alikimbilia jikoni. Katika kaseti ya Mokeira sehemu hiyo inaonyesha anga, kisha miguu, kisha anga, na sauti ya Liz akicheka mpaka anakohoa.

Vumbi lilipotulia, uani walibaki wachache. Nchagwa amekaa jenezani. Priscilla amesimama na mdomo wazi. Mlango wa nyumba ukafunguka, Zablon akatoka, suruali imepigwa pasi, na plasta kidevuni.

Risper akamtazama. Akamtazama Nchagwa. Akarudi kwa ndugu yake.

"Wamefufuka wangapi leo hapa?" akauliza.

"Mimi sikufa, Risper."

"Nimelia kutoka jana. Nimelia mpaka Mbita, nimelia mpaka Sindo. Machozi hayo nani atanirudishia machoni?"

"Sikuwaita."

"Hukuniita! Miaka saba hukuniita!" Akamkaribia, akainua mkono, na wote walidhani atampiga. Akamgusa plasta. "Na hii nini?"

"Nilijikata. Mke wangu alikuwa akifanya mazoezi ya kunililia."

Risper akaanza kucheka. Alicheka vibaya, kama mtu anayelia, akaketi chini vumbini, na Zablon, mzee wa kanisa, akaketi chini kando yake na suruali yake ile. Wakaongea. Mokeira alisogea kimya na kamera. Taa nyekundu ya betri ilikuwa imeanza kuwaka. Zablon alizungumza Kiswahili kwanza, labda kwa ajili ya mkwe wake, labda kwa sababu ilikuwa lugha ambayo haikumdai chochote. Alisema kwamba alipokuwa darasa la pili, mwalimu alimvika kigae cha chungu shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani, na wenzake wakamwita mtu wa kisiwani, mla mijusi. Akaapa hataongea tena. "Nikaifungia," alisema. "Nilidhani imekufa humo ndani. Sasa wewe unasimama dirishani kwangu unaimba wimbo wa Mama, na ukiuimba unaukosea."

"Sijaukosea."

"Mstari wa pili umeukosea."

Betri ikazima.

Mchana ule chifu alifika na askari wawili, maana mchungaji alipotoka kwenye mtama alipitia ofisini kwake.

"Kibali cha mazishi kiko wapi?" chifu akauliza.

"Hakuna maiti, bwana chifu," Fanuel akajibu.

"Basi kibali cha kukusanya watu bila maiti?"

Hicho pia hakikuwepo. Chifu akaandika jambo refu kwenye daftari, kisha akaomba aonyeshwe ile kaseti, kama ushahidi, na alipoambiwa hakuna televisheni wala betri, alihuzunika waziwazi. Akabaki kula. Waombolezaji nao walianza kurudi mmoja mmoja, wamechubuka miguu, na Risper alisema hakuna mtu aliyewahi kulia kwa Zablon akaondoka na njaa. Mbuzi wawili wakachinjwa. Zablon akakataa matambiko, Risper akakataa kula bila matambiko, wakakubaliana mchungaji aombe na Risper anyunyize maji huku kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Nchagwa naye akatangaza kwamba haondoki.

"Nimefia hapa," alisema. "Mtu hafi kwa watu wasiompa jina. Nikirudi Kuria nikiulizwa marehemu alikuwa nani, nitasema nini?"

Akapewa jina la babu wa Zablon, na paja la mbuzi. Jeneza seremala alilikataa, akisema lililolaliwa halinunuliki. Zablon akaliweka ghalani, akahifadhi maharagwe ndani yake.

Wiki ya mwisho ya Agosti Mokeira alikwenda Homa Bay na kaseti kwenye mfuko wa kiondo. Levis aliitazama yote, dakika thelathini na nane, ameshika kidevu. Mokeira alimtazama yeye. Alipofika penye chafya, Levis alicheka mpaka machozi, akasimamisha mashine, akaanza tena. Alipofika penye wazee vumbini alisogeza kiti karibu na mashine. Ilipokwisha, akawasha taa.

"Dada Mokeira, ni nzuri mno. Lakini wafadhili hawataielewa. Wao wanataka msiba wenye huzuni. Marehemu asiamke. Na familia ichague moja: ni Wajaluo au ni Wasuba? Wewe Mkisii unaingiaje? Yule Mkuria jenezani ni wa nini?"

Mokeira alihisi moyo wake ukishuka, kisha, kwa njia aliyoshindwa kuieleza baadaye, ukapanda tena ukiwa umekasirika.

"Levis, mdogo wangu," akasema, "yule Mkuria yuko jenezani kwa sababu Wasuba walikuwa na kikohozi. Mimi Mkisii nimeingia kwa mlango, niliolewa. Nikiwatoa hao, hapo patabaki nani?"

"Basi tuseme mradi bado unaandaliwa."

"Tuseme hivyo."

Akachukua kaseti yake. Alipofika Migori aliingia studio, akalia kidogo kwenye kiti cha kifalme, mbele ya maporomoko, kabla hajafungua mlango kwa mteja.

Lakini kijiji hakikujua mambo ya wafadhili. Kilichojua ni kwamba kimepigwa picha. Desemba, Krismasi ilipokaribia, mwenye kinu cha posho alisimamisha mawe ya kusagia, akaunganisha televisheni kwenye jenereta, na Magunga yote ikaja, na watu wa Sindo, na lori kutoka Mbita. Chifu aliketi mstari wa mbele kwa ajili ya ushahidi. Waliitazama mara tatu mfululizo. Kila aliyekimbia alitaka kujiona akikimbia, na aliyekuwa hayumo alilalamika kwamba ameonewa. Mchungaji alisimama akaeleza kwamba hakuwa akikimbia bali alikuwa akiita msaada. Ule wimbo ulipofika, wazee kadhaa walioketi nyuma, watu ambao kijiji kizima kiliwajua kuwa Wajaluo wa kuzaliwa, waliitikia. Mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, kama watu wanaojaribu barafu kwa jino bovu. Vijana wakageuka kuwatazama. Zablon alikaa wima, mikono magotini. "Yule si mimi," alimwambia jirani yake. "Lakini ana sauti nzuri."

Tangu hapo Mokeira hakupumzika. Barua zilimfikia studio, zimetumwa na makondakta: njoo Rusinga, mama yetu ana miaka tisini na anajua hadithi ya mashua; njoo Kuria, baba yake Nchagwa hataki kuachwa; njoo hata Kisii, kwa nini unawapiga wengine na kwenu hujafika? Alikwenda Jumapili kwa Wasabato na Jumamosi kwa Wakatoliki. Watu wakamwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, na Liz alimbebea betri wakati wa likizo. Kufikia mwaka wa 1999 alikuwa na kaseti kumi na tisa kwenye sanduku la bati, na kila alipoulizwa filamu itakwisha lini alijibu kwamba inaandaliwa.

Kaseti ya kumi na tisa aliipiga Magunga, asubuhi moja ya Aprili, jikoni kwa Mama Priscilla. Risper alikuwa amekuja kutembea, kama alivyozoea sasa kila muhula, na Mokeira alitaka wazee wamtajie tu majina ya vyombo kwa lugha yao, moja moja, kazi ya dakika ishirini. Walianza na mwiko wa kusongea ugali. Risper akataja jina. Zablon akasema hilo ni jina la kasia. Risper akasema yeye ndiye mkubwa, alisonga ugali kabla Zablon hajaota meno. Zablon akasema mama yao hakuwahi kusonga ugali kwa kasia. Priscilla, akiwa na mwiko wenyewe mkononi na sufuria inatokota, akawaambia kwa Kijaluo jina lake, na wote wawili wakamgeukia wakamwambia haya hayamhusu.

Betri ikazima hapo. Mokeira akaenda kinuni kuichaji, akangoja saa nzima, akanunua sukari njiani, akarudi. Bado walikuwa kwenye mwiko.